Saa za kusubiri ndege si za kulalia begi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu mwandishi wa safu ya safari wa Jumapili iliyopita. Alitushauri kwamba mtu akiwa na saa nyingi za kusubiri ndege ya kuunganisha, dawa ni moja: atafute kona tulivu, aweke begi chini ya kichwa, alale. Akaongeza kuwa uwanjani hakuna cha kutazama ila maduka ya manukato. Makala hiyo nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshashika kalamu.

Mimi ni baharia, mhandisi wa pili kwenye meli za mizigo, mwaka wa kumi na tisa huu. Watu wakisikia baharia hudhani natoka nyumbani, nashuka bandarini, napanda meli. Siku hizi baharia hupanda ndege kwanza. Mkataba ukiisha unateremshwa bandari moja, na ukianza mwingine unapelekwa upande wa pili wa dunia. Tiketi hukatwa na wakala, na wakala haangalii mgongo wako, anaangalia bei. Tiketi ya bei nafuu ndiyo yenye kusubiri kurefu: saa sita, saa tisa, saa kumi na nne. Nimekaa kwenye viwanja vya ndege kuliko marubani wengine.

Miaka ya kwanza nilikuwa kama huyo mwandishi. Nimelala sana kwenye vile viti vyenye vyuma vya kuegemezea mkono, vyuma vilivyowekwa makusudi ili mtu asinyooke. Unaamka shingo imepinda, kinywa kichungu, na mtoto wa watu anakukodolea macho. Ndiyo starehe tunayoshauriwa.

Kilichonigeuza ni Schiphol, uwanja wa Amsterdam. Nilifika asubuhi ya baridi nikiwa na saa saba mbele yangu. Ndege ilitua kwenye ile njia ya mbali wanayoiita Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, na kutoka pale hadi majengo ya abiria tulitembea kwa magurudumu karibu robo saa. Mahali fulani ndege ilipita juu ya daraja, na chini yetu magari yalikuwa yanakimbia kwenye barabara kuu. Mzee aliyekaa kando yangu, anarudi kwao, aliniona nimegandisha uso dirishani, akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia akacheka, akasema miaka mia mbili iliyopita hapa tulipo ningekuwa kazini. Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Mahali ilipo Schiphol palikuwa ziwa, Haarlemmermeer, ziwa la mawimbi makali lililokuwa likila ardhi ya kando yake. Mwaka 1573 vyombo vya waasi wa Kiholanzi vilipigana juu ya maji hayo na vyombo vya upande wa mfalme wa Hispania. Karne ya 19 Waholanzi wakaamua kulikausha. Walilizungushia tuta na mfereji, wakajenga vituo vitatu vya pampu za mvuke, wakaanza kuvuta maji 1849, na kufikia 1852 ziwa likawa mashamba. Uwanja wenyewe ulianza 1916 kama uwanja wa jeshi. Mpaka leo njia za kurukia ndege ziko mita 3 hivi chini ya usawa wa bahari. Mtu wa mitambo akisikia hivyo hawazi ndege tena, anawaza pampu: wakati unasoma barua hii kuna mashine mahali fulani inavuta maji ili watu wasiburute masanduku ndani ya tope.

Nilishuka nikatembea kwenye korido zile nikitazama sakafu kama niliyedondosha pete. Nilikuwa natembea kwenye kitako cha ziwa! Abiria wote wamekimbilia kahawa, na mimi nahesabu mita za maji ambazo zingekuwa juu ya kichwa changu.

Humo humo ndani, ukishapita ukaguzi wa pasipoti, kuna chumba cha makumbusho. Rijksmuseum, jumba kubwa la sanaa la Amsterdam, lilifungua tawi hapo 2002, na kuingia ni bure. Chumba si kikubwa. Siku ile palikuwa na picha ya meli za matanga zikiwa kwenye maji yaliyochafuka kidogo. Nilifanya kinachofanywa na kila baharia mbele ya picha ya namna hiyo: nilitazama kwanza bendera, kisha matanga, kisha mawimbi, kuona kama vyote vinakubali upepo mmoja. Vilikubali. Mchoraji alikuwa anajua bahari. Mlinzi alinikaribia polepole kwa sababu nilikuwa nimesogeza pua karibu mno na rangi. Nilitumia hapo dakika arobaini, na shingo yangu haikupinda.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na ndio ninaotaka kuutetea hapa. Ukiwa na saa za kusubiri, usikimbilie mji mkubwa, na usilale. Tazama uwanja wenyewe, na tazama kilicho jirani ya ua wake. Viwanja vikubwa hujengwa kwenye ardhi ambayo wengine hawakuitaka au hawakutaka kuiachia: kwenye ziwa lililokaushwa, juu ya bandari iliyozikwa, kwenye kisiwa kilichosawazishwa, katikati ya mashamba ya wakulima wenye hasira. Ardhi kama hiyo haikosi kisa.

Mji mkubwa nao nausema kwa uchungu, kwa sababu uliniponza. Sitautaja, wala uwanja wake, maana kosa lilikuwa langu. Tiketi iliandikwa saa nane za kusubiri. Nane! Nikaona nina siku nzima. Ndege yangu ya kwanza ilichelewa dakika hamsini. Kutembea hadi uhamiaji na kupanga foleni ikala karibu saa nzima. Treni hadi katikati ya mji, saa nyingine. Nikafika kwenye uwanja maarufu wenye sanamu, nikapiga picha moja ambayo kidole changu kimeziba farasi, nikageuka. Wakati wa kurudi treni ikasimama njiani kwa sababu ya taa za reli. Tukakaa. Niliangalia ng'ombe watatu dirishani hadi nikawafahamu kwa sura. Uwanjani nikakuta foleni ya pasipoti ya kutoka, halafu ukaguzi wa mizigo, na pale binti mmoja mpole sana akanitoa kwenye mstari ili nifungue begi, kwa sababu nilikuwa nimenunua mjini chupa ya mafuta ya nywele kubwa kuliko mililita 100. Nilipofika getini, ndege ilikuwa bado iko. Naiona kwenye kioo, na rubani namwona. Lakini ule mkono wa kupandia ulikuwa umeshaachana na mlango, na mkono ule ukishaachana na mlango haurudishwi kwa ajili ya mtu mmoja.

Meli haikunisubiri. Niliikuta bandari iliyofuata siku tano baadaye, na kwa siku hizo tano mkuu wangu wa mitambo alikuwa amebeba zamu zangu juu ya zake. Hakunigombeza. Alinipa tochi, akanionyesha mlango wa tangi la maji machafu.

Wazee wetu wa vyombo walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka utakavyo, kiti chako kiko kwenye ndege, na ndege ina dakika yake. Kwa hiyo leo hesabu yangu ni hii. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siisomi kama saa yangu. Naondoa saa moja ya kushuka na kutoka. Naondoa saa tatu za mwisho, maana napenda kuwa tayari nimerudi ndani zikiwa zimebaki mbili, na ya tatu ni ya treni ya ng'ombe. Kinachobaki ndicho changu, na humo ndimo mwa safari ya kwenda na kurudi. Kusubiri kwa saa tano kukigeuka saa moja, basi sitoki. Nabaki ndani, na ndani nako kuna kazi.

Karatasi nazo ziangaliwe kabla ya kuondoka nyumbani, si pale dirishani. Kutoka nje ya uwanja ni kuingia nchi ya watu, na kama pasipoti yako inadaiwa viza, itadaiwa hata kwa matembezi ya saa mbili. Kuna nchi ambazo baadhi ya mataifa hudaiwa viza hata ya kupita tu bila kutoka jengoni. Na Marekani ni jambo la pekee: ukitokea nje hakuna kupita juu juu, abiria kwa kawaida hukabiliwa na uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua, huchukua sanduku lake na kulikabidhi upya, hata kama anaelekea nchi nyingine. Sisi mabaharia huombewa viza yenye jina C1/D kwa sababu hiyo. Nimewaona vijana wapya wakirudishwa kaunta ya kwanza kabisa ya safari kwa kutolijua hilo, na nguo za kazi mpya bado zimo kwenye nailoni.

Uzuri wa adha hiyo ni kwamba ukishaingia Marekani umeingia, na viwanja vyao vina vitu. Chicago, uwanja wa O'Hare, niliiona ndege ndogo ya kivita aina ya Wildcat imesimamishwa ndani ya jengo. O'Hare alikuwa rubani wa jeshi la majini, aliuawa 1943, na uwanja ukapewa jina lake 1949. Ndege ile si aliyokuwa akiirusha yeye, ni ya aina yake tu, lakini iliopolewa kutoka chini ya Ziwa Michigan. Niliiangalia rivet kwa rivet, ile misumari ya kuungia bati, nikitafuta kutu. New York, uwanja wa JFK, kuna jengo la zamani la shirika la TWA alilolisanifu Eero Saarinen, lilifunguliwa 1962, likafungwa 2001, na tangu 2019 ni hoteli. Si lazima ulale, ingia utembee. Jengo zima halina kona, limepinda kama ndani ya kombe la pwani.

Sasa niseme habari ya kubaki ndani. Wengi watataja Changi ya Singapore, na mimi nitaitaja, ila kwa sababu yangu mwenyewe. Kila mtu anataka yale maporomoko ya maji ya mita 40 yanayoanguka kutoka tundu la paa la kioo, ndani ya jengo la Jewel lililofunguliwa 2019. Ni makubwa kweli, na usiku huwashiwa taa. Lakini msomaji ajue: Jewel iko nje ya uhamiaji. Nilizunguka ndani ya eneo la abiria wa kupita karibu saa nzima nikifuata sauti ya maji iliyokuwa, naapa, kichwani mwangu tu, ndipo mfagiaji mmoja akaniambia nitoke kwanza nigongewe pasipoti.

Nilipotoka, kabla ya kufika kwenye maporomoko, nikakutana na kitu kilichonikamata zaidi. Kwenye ukumbi wa kuondokea wa Jengo la 1 yananing'inia matone 1,216 ya alumini yaliyopakwa shaba, yamewekwa hapo 2012. Kila tone lina waya wake mwembamba na mota yake juu ya dari. Yanapanda na kushuka taratibu, mara yanafanya umbo la ndege, mara wimbi. Watu hutazama matone. Mimi nilitazama dari. Mota 1,216 zinasikilizana bila waya hata mmoja kujikunja kwenye mwenzake, na sisi melini tuna mota mbili za winchi ambazo hazijawahi kusikilizana tangu meli iundwe. Nilisimama pale hadi mlinzi, wa pili katika barua hii, akaja kuniuliza kama nimepotea.

Asiyetaka kutoka, Jengo la 3 la Changi lina bustani ya vipepeo ndani kwa ndani, eneo la abiria wa kupita. Nenda kukiwa na mwanga, kwa sababu usiku wamelala, na wao wana ruhusa ya kulala. Kipepeo mmoja mweusi alitua kwenye mkono wa koti langu, akaufungua na kuufunga mrija wake kama fundi anayejaribu koleo, akaonja chumvi ya jasho langu, akaondoka. Mwenye saa tano na nusu au zaidi anaweza pia kuulizia matembezi ya bure ya mjini wanayowaandalia abiria wa kupita. Istanbul nako shirika lao la ndege huwatembeza abiria wake wenye kusubiri kuanzia saa sita, na Incheon, Korea Kusini, wana utaratibu wa jinsi hiyo. Faida ya matembezi hayo si bei tu, ni kwamba mwenye basi ndiye mwenye wasiwasi wa saa.

Doha kuna dubu wa manjano wa mita 7 aliyekaa chini ya taa katikati ya maduka. Kila mtu anapiga naye picha. Mimi sikuona kitu. Bustani ya ndani waliyoifungua 2022, ile yenye miti mirefu chini ya paa la kioo, hiyo ndiyo ya kukalia, hasa ukiwa umetoka meli ambayo kwa miezi sita kitu cha kijani ni rangi ya sitaha.

Nirudi kwenye ua. Narita, Japani, ndio mfano wangu bora. Kutoka uwanjani hadi Tokyo ni kama kilomita 60, na mtu mwenye saa saba hujikuta amezimalizia kwenye treni. Lakini dakika kumi hivi tu kwa treni, uko mji mdogo wa Narita wenyewe, na ndani yake hekalu la Naritasan Shinshoji lililoanzishwa mwaka 940. Kutoka stesheni unateremka kwa mguu barabara nyembamba yenye maduka ya mbao hadi langoni. Kila siku, mara kadhaa, huwa na ibada ya moto. Ngoma kubwa inapigwa, inapigwa kwa namna ambayo unaisikia kifuani kabla ya sikioni, sawa na injini kubwa inapowashwa ikiwa baridi. Makuhani wanalisha moto kwa vijiti, na mwishoni watu wanapeleka mikoba yao ipitishwe karibu na ule moto ipate baraka. Mama mmoja alinionyesha kwa ishara nami nipeleke begi langu. Nikakumbuka pasipoti imo. Nikainama kwa heshima, nikalikumbatia.

Na uwanja wenyewe una kisa ambacho abiria hawakioni. Ulifunguliwa 1978 baada ya miaka ya upinzani wa wakulima waliokataa mashamba yao kuchukuliwa, na watu walikufa katika mapambano yale, polisi na raia. Jirani ya ua kuna makumbusho ya usafiri wa anga, na kando yake jumba dogo linaloeleza habari za ule mgogoro. Niliingia siku ya mvua, nikawa karibu peke yangu. Kofia za chuma za waandamanaji zimepangwa nyuma ya kioo, na juu ya paa unasikia ndege zikipaa.

Hong Kong hivyo hivyo. Uwanja ulifunguliwa 1998 juu ya kisiwa cha Chek Lap Kok, ambacho kilisawazishwa na kupanuliwa baharini. Usiende mjini. Panda basi la S1 hadi Tung Chung, kisha gari la kamba, kilomita 5.7, dakika 25 hivi, juu ya maji na milima hadi kwenye sanamu ya Buddha ya shaba, mita 34, iliyokamilika 1993. Ngazi 268. Kutoka kwenye lile gari unauona uwanja wote chini kama ramani ya baharini iliyotandikwa mezani: njia za kurukia, meli zimetia nanga, na ndege yako pengine ni mojawapo ya vile vijiti vyeupe. Upepo ukizidi gari husimamishwa, hapo kuna basi la 23 la kupanda mlima kwa barabara. Ulizia kabla hujakata tiketi ya kurudi.

Lakini nikiambiwa nichague mahali pamoja tu, nitachagua Fiumicino, uwanja wa Roma. Hapa mimi si mtu wa haki, nakiri. Mtu mwenye saa sita pale hukimbilia Colosseum, akarudi anahema. Karibu kabisa na majengo ya abiria kuna jumba la meli za Kirumi. Walipokuwa wanajenga uwanja, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wachimbaji walikuta mbao. Walikuwa wamefika kwenye bandari ya mfalme Klaudio, bandari ya Roma ya karne ya kwanza, iliyojaa mchanga hadi ikawa nchi kavu. Jumba lilifunguliwa 1979, likafungwa 2002, likafunguliwa tena 2021. Angalia siku za kufungua mapema.

Ndani kuna mabaki ya majahazi ya kuvutwa, yaliyobeba shehena kutoka bandarini kupandisha mto Tiber hadi mjini. Mbao zimeungwa ubavu kwa ubavu kwa ndimi zilizoingizwa matunduni na kupigiliwa vijiti, bila ya kutegemea misumari kama tunavyodhani. Niliinama nikaona alama ya chombo cha fundi kwenye tundu moja, ameteleza kidogo, akarekebisha. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita kuna mtu aliteleza na kujisonya. Halafu ipo mashua ya wavuvi, ndogo, na katikati yake limejengwa sanduku lenye matundu chini ili maji ya bahari yaingie na samaki wafike hai sokoni. Matundu yana vizibo. Nilimpigia simu bosun wetu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kutoka pale pale kumweleza. Alikuwa amelala upande wa pili wa dunia, akanijibu maneno ambayo gazeti lenu haliwezi kuyachapisha.

Ni halali kutazama ndege tu pia. Munich wana kilima cha wageni cha mita 28 na ndege za zamani zimeegeshwa chini yake, pamoja na Super Constellation na Ju 52, kituo kimoja cha treni kabla ya uwanja. London, karibu na stesheni ya Hatton Cross, iko barabara ya Myrtle Avenue ambako ndege za kutua Heathrow hupita juu ya nyumba za watu hadi unasoma maandishi tumboni. Ila upepo uwe wa magharibi, na ujue kwamba Heathrow hubadilisha njia ya kutulia kila siku saa tisa alasiri. Mara ya kwanza nilifika saa tisa na dakika tano. Nilikaa kwenye nyasi na kijana mwenye darubini, tukatazama anga tupu.

Nampa mwandishi wenu jambo moja. Kansai, Japani, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na kufunguliwa 1994, ulipigwa na tufani Septemba 2018. Bahari ikapanda kwenye njia ya kurukia, na meli ya mafuta iliyokuwa tupu ikaburura nanga, ikagonga daraja la kwenda nchi kavu. Maelfu ya watu walikwama usiku ule. Hao walikuwa na haki ya kulalia mabegi, na sisi wa baharini tulikuwa na sababu ya kuinamisha vichwa.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa wasomaji. Mwezi ujao wakala amenikatia tiketi yenye saa kumi na moja Incheon. Kwa hesabu yangu ninazo saba. Uwanja ule, wa mwaka 2001, umejengwa juu ya matope ya maji kupwa kati ya visiwa, na pwani ile maji hupanda na kushuka hadi kama mita 9, jambo ambalo nimeliona kutoka melini lakini sijawahi kulisimamia kwa miguu. Seoul sitaki. Nataka ufuko wa Eulwangni, uliopo kisiwa hicho hicho, maji yakiwa yamepwa kabisa. Jedwali la kupwa na kujaa ninalo. Nisilolijua ni basi gani linatoka uwanjani kwenda huko na linarudi kila baada ya dakika ngapi. Aliyefika aandike kupitia ukurasa huu, tafadhali kabla ya tarehe 14.

Wenu,
Mhandisi wa pili, kwa sasa nchi kavu